Aliye Juu Mngojee Chini

Wahenga walinena kwamba aliye juu mngojee chini. Walimlenga mwenye majivuno, ambaye siku moja cheo humtoka akarudi kukaa na wenziwe. Leo sisi tunaliazima neno hilo kwa jambo lililo mbali na majivuno. Tunamkusudia binti aliyeruka kuudaka mpira wa pete. Anapokuwa juu, macho ya watu wote huwa kwake na makofi humlaki huko huko hewani. Anapoteremka, macho yameshahama, yameufuata mpira. Hakuna anayemngojea chini, na chini ndiko anakoumia.

Mtu atakayetembea saa kumi na moja za jioni katika vitongoji vya Temeke, tangu Tandika hadi Mbagala na Chamazi, au akazunguka Kinondoni tangu Mwananyamala hadi Kawe na Bunju, hatakosa kuwaona wasichana wakicheza. Wapo wa kandanda, wapo wa mpira wa kikapu, na wapo wa mpira wa pete, mchezo ambao mama zao pia waliucheza shuleni. Mara nyingi uwanja wao ni ardhi tupu, au sakafu ya saruji iliyopasuka, na juu yake pana mchanga mwembamba ulioletwa na upepo. Baadhi yao wamevaa raba zilizokwisha soli, na baadhi wako pekupeku. Furaha yao haina upungufu.

Jioni moja tulisimama kando ya uwanja wa namna hiyo, upande wa Temeke. Msichana mmoja mrefu aliruka kuukinga mpira uliokuwa ukipita juu ya vichwa vya wenziwe, akaudaka vizuri, akatua kwa mguu mmoja huku akigeuka kumtafuta wa kumpa. Hakuna aliyemgusa. Aliketi chini ghafla, akalishika goti kwa mikono miwili. Mwenzake aliyekuwa karibu alisema amesikia mlio, mfano wa kijiti kinapovunjwa. Wakambeba hadi kivulini. Mmoja akaleta maji ya moto, mwingine akaanza kumchua. "Ameteguka tu, kesho atacheza," alisema mtu mzima aliyekuwapo. Mchezo ukaendelea. Msimu ule hatukumwona tena uwanjani.

Tunaandika habari hii kwa ajili ya wazazi na walimu wa Unguja, Pemba na Mafia sawasawa na wale wa Dar es Salaam, na hasa kwa ajili ya viongozi waliopewa dhamana ya michezo katika pande zote mbili za Muungano. Wasichana wa visiwani huvuka bahari kuja kucheza katika jiji hili, na wa huku huvuka kwenda Unguja. Goti halijui bara wala visiwani.

Goti ni riziki

Zamani mchezo wa wasichana ulihesabiwa kuwa burudani ya baada ya masomo. Leo mambo yamebadilika. Ligi Kuu ya Wanawake ya kandanda ilianza katika msimu wa 2016/17. Mwaka 2022 Simba Queens walikwenda Morocco katika mashindano ya klabu bingwa za wanawake za Afrika, wakarudi wakiwa wa nne. Mwaka uliofuata JKT Queens, wenye maskani yao Mbweni katika Wilaya ya Kinondoni, waliiwakilisha nchi katika mashindano hayo hayo huko Ivory Coast. Timu ya taifa, Twiga Stars, ambayo mara ya kwanza ilifika fainali za Afrika mwaka 2010 kule Afrika Kusini, ilifika tena katika fainali zilizochezwa Morocco mwezi Julai 2025. Katika mpira wa pete nako, timu za majeshi na vikosi, za bara na za Zanzibar, zimekuwa mlango wa ajira kwa wasichana ambao pengine wasingeupata kwa njia nyingine.

Kwa hiyo msichana wa Mbagala au wa Mwera ambaye goti lake limeharibika akiwa na umri wa miaka 16 hajapoteza mechi moja tu. Huenda amepoteza nafasi yake katika timu, na pamoja na nafasi hiyo kazi ambayo ingemlisha yeye na wazee wake. Hasara yake haiandikwi popote. Hatokei katika taarifa ya mwaka ya halmashauri yoyote, wala hakuna kamati inayokaa kumjadili. Yeye mwenyewe huona kwamba ni bahati mbaya, akanyamaza.

Nasi tunasema kwamba sehemu kubwa ya bahati mbaya hiyo inaweza kuzuilika.

Kano ya sentimita tatu

Ndani ya goti, nyuma ya kile kifupa cha duara kiitwacho kilegesambwa, kuna kano mbili zilizopishana kama herufi X. Ile ya mbele, yenye urefu wa sentimita tatu hivi, huufunga mfupa wa paja na mfupa wa muundi ili muundi usiteleze kwenda mbele wala kujipinda kupita kiasi. Mtu akitembea njia iliyonyooka huenda asiihitaji sana. Akikimbia akasimama ghafla, akageuka, au akatua kutoka juu, kano hiyo ndiyo inayobeba amana yote.

Mwaka 2010 watafiti walichapisha uchambuzi wa picha za video za wanawake kumi waliokatika kano hiyo wakicheza mpira wa mikono na mpira wa kikapu. Walikadiria kwamba kano hukatika yapata sehemu 40 katika sehemu 1,000 za sekunde tangu unyayo ugusapo chini. Kufumba na kufumbua jicho ni kazi ndefu kuliko hiyo. Maana yake ni kwamba mchezaji hana wasaa wa kufikiri. Hawezi kuambiwa "kunja goti" wakati tayari anatua. Ama mwili wake umekwisha kufundishwa tangu zamani, ama haukufundishwa.

Majeraha mengi ya kano hii hutokea pasipo mtu kumgusa mchezaji, kama tulivyoona kule Temeke. Na katika michezo kama kandanda na kikapu, wasichana huyapata kwa wingi kuliko wavulana; makadirio mengi husema ni mara mbili hata mara nne. Sababu zinazotajwa ni nyingi: umbile la nyonga, homoni za mwili, udhaifu wa misuli ya nyuma ya paja, na namna ya kutua huku magoti yamenyooka au yameangukia ndani. Baadhi ya sababu hizo bado zinabishaniwa na wataalamu. Lakini hata asiye mtaalamu ataona tofauti iliyopo kati yake. Umbile la nyonga hatuwezi kulibadilisha, na wala hatuna haja. Namna ya kutua inafundishika, kama mwandiko unavyofundishika.

Mpira wa pete una shida yake ya pekee, na inatoka katika sheria zake zenyewe. Mchezaji aliyeudaka mpira haruhusiwi kukimbia nao. Mguu aliotulia akiuinua, sharti mpira uwe umemtoka mkononi kabla mguu huo haujagusa chini tena, na kwa vyovyote hana zaidi ya sekunde tatu za kukaa na mpira. Hivyo binti anayekuja mbio na kuruka hulazimika kufunga breki papo hapo, mara nyingi kwa mguu mmoja, juu ya saruji yenye mchanga. Mwamuzi humpigia filimbi akisogea. Ni haki kabisa kwamba mchezo unaodai kutua kwa namna hiyo ufundishe pia kutua kwa namna hiyo. Walimu wetu wengi hufundisha kudaka, kupasi na kutupia peteni. Kutua huachiwa Mungu.

Rula, chaki na utepe

Vipimo vya kutua na vya usawa wa mwili vipo, na wengi hudhani kwamba ni mambo ya maabara za ng'ambo zenye mitambo ya thamani. Mitambo ipo, ni kweli. Lakini viko vipimo ambavyo mwalimu wa shule ya Tandika au ya Chake Chake anaweza kuvifanya kwa vitu alivyo navyo.

Cha kwanza ni kipimo cha kutua. Seremala atengeneze sanduku imara lenye kimo cha sentimita 30, yaani urefu wa rula moja ya mwanafunzi. Mbele ya sanduku upigwe mstari wa chaki, kwa umbali ulio sawa na nusu ya kimo cha msichana mwenyewe. Mwenye kimo cha sentimita 160 atawekewa mstari kwenye sentimita 80. Msichana huruka kutoka juu ya sanduku, hutua kwa miguu yote miwili baada ya mstari, na papo hapo huruka tena kwenda juu kwa nguvu zake zote. Simu mbili za mkononi hupiga picha, moja ikiwa mbele na nyingine ubavuni. Kisha mwalimu huitazama picha polepole na kujiuliza maswali. Je, magoti yameingia ndani na kukaribiana? Je, yamekunjika vya kutosha, au ametua kama nguzo? Je, kiwiliwili kimeinama kidogo mbele? Je, miguu yote miwili imegusa chini pamoja? Je, ametua kwa vidole kwanza au kwa unyayo mzima kwa kishindo? Wataalamu waliokibuni kipimo hiki wana orodha ya mambo 17 ya kutazamwa. Mwalimu akianza na hayo matano atakuwa amekwisha kuona mengi.

Cha pili ni kipimo cha usawa wa mwili. Sakafuni hupigwa mistari mitatu ya chaki inayokutana mahali pamoja, mfano wa herufi Y. Msichana husimama kwa mguu mmoja penye makutano, mikono kiunoni, na kwa mguu wa pili huunyoshea kidole cha gumba kila mstari, mbali awezavyo, bila kuuegemea na bila kuyumba. Kisha huurudisha mahali pake. Mwalimu hupima kwa utepe wa fundi cherehani. Halafu hubadilisha mguu. Urefu wa mguu nao hupimwa, tangu mfupa wa nyonga hadi kifundo, ili mrefu na mfupi wahukumiwe kwa haki. Tuseme mguu una sentimita 85, na msichana amefikia sentimita 62 mbele, 92 nyuma upande mmoja, na 88 nyuma upande wa pili. Jumla ni 242. Ukiigawa kwa mara tatu ya urefu wa mguu, yaani 255, unapata karibu asilimia 95.

Mwaka 2006 ulichapishwa Marekani uchunguzi juu ya wachezaji 235 wa mpira wa kikapu wa shule za sekondari. Wasichana waliopata chini ya asilimia 94 walionekana kuwa na uwezekano wa kuumia miguu ulio mara sita na nusu ya ule wa wenzao. Na wachezaji ambao mguu mmoja ulizidi mwingine kwa zaidi ya sentimita nne katika kunyosha mbele walikuwa na uwezekano wa mara mbili na nusu.

Watu wetu hawana ugeni na usawa wa mwili. Binti anayetoka bombani na ndoo kichwani, akaruka mfereji pasipo kumwaga tone, amekwisha kufaulu mtihani ambao wengi wetu tungeushindwa. Na wale wanaoruka kamba, wanaocheza rede hapa Dar es Salaam au nage kule Zanzibar, hujifunza kutua kwa wepesi tangu utotoni. Kinachotakiwa ni kuuchukua ujuzi huo na kuutia ndani ya mazoezi ya timu, kwa makusudi na kwa utaratibu.

Kipimo si ramli

Hapa hatuna budi kutoa tahadhari, kwa sababu tunawajua baadhi ya viongozi wa michezo. Wakisikia kwamba pana kipimo, watataka kukitumia kuchagua na kukata majina.

Mwaka 2005 watafiti wa mji wa Cincinnati nchini Marekani walitangaza matokeo yaliyowafurahisha wengi. Waliwapima wasichana 205 wa kandanda, kikapu na wavu kabla ya msimu. Tisa kati yao baadaye walikatika kano ya goti, na ikaonekana kwamba hao tisa, walipokuwa wakitua, magoti yao yalikuwa yameingia ndani kwa nyuzi nane zaidi kuliko ya wenzao. Watu wakadhani siri imefichuka. Lakini mwaka 2016 watafiti wa Norway walichapisha kazi kubwa zaidi, juu ya wanawake 710 wa ligi za juu za kandanda na mpira wa mikono. Katika hao, 42 waliumia kano pasipo kugongwa. Watafiti wakatafuta kama kipimo cha kuruka na kutua kingeweza kuwatambua mapema, wakakiri kwamba hakiwezi. Waliotua vibaya wengi walimaliza salama, na waliotua vizuri baadhi yao waliumia.

Tunaueleza ukweli huu wazi, ijapokuwa unapunguza utamu wa habari yetu, kwa kuwa msichana anaweza kudhulumiwa kwa karatasi ya namba. Kipimo hakipigi ramli. Hakiwezi kumwambia mwalimu kwamba fulani ataumia na fulani hataumia. Mwalimu atakayemwacha binti nje ya timu kwa sababu ya asilimia 93 atakuwa amefanya kosa la elimu na kosa la haki kwa pamoja.

Basi kipimo kina kazi gani? Kina kazi ile ile ya mtihani wa mazoezi darasani. Humwonyesha mwanafunzi mahali alipo, humwonyesha mwalimu la kufundisha, na baada ya miezi mitatu huwaonyesha wote wawili kama pana mabadiliko. Msichana akijiona katika picha jinsi magoti yake yanavyogongana, ataelewa kwa sekunde moja kile ambacho mwalimu angekihubiri kwa mwezi mzima.

Dakika kumi na tano

Kinachozuia ni mazoezi yenyewe, na juu ya hili ushahidi ni mzito. Mwaka 2008 huko Norway vilichapishwa matokeo ya uchunguzi juu ya wasichana 1,892 wa kandanda wenye umri wa miaka 13 hadi 17. Nusu ya klabu zao zilipewa utaratibu maalumu wa kupasha mwili moto, na nusu hazikupewa. Katika klabu zilizopewa, majeraha yote kwa jumla yalipungua kwa karibu theluthi moja, na yaliyo mazito kwa karibu nusu. Mwaka 2012 Sweden ikafuata na wasichana 4,564 kutoka klabu 230. Dakika 15 tu, mara mbili kwa wiki, zilipunguza kukatika kwa kano ya mbele ya goti kwa asilimia 64.

Mazoezi ya Sweden yalikuwa sita, na hayataki chombo chochote: kuchuchumaa kwa mguu mmoja, kuinua nyonga mtu akiwa amelala chali, kuchuchumaa kwa miguu miwili, kujishikilia kwa viwiko na vidole huku mwili umenyooka kama ubao, kupiga hatua ndefu na kushuka, na mwisho kuruka na kutua kwa utulivu, goti likielekea kule vinakoelekea vidole. Kila zoezi huanza jepesi na kuongezwa ugumu. Nchi zinazoongoza katika mpira wa pete, Australia na New Zealand, zimejitungia taratibu zao za namna hiyo, nazo huhimiza kutua kuliko jambo jingine.

Tunafahamu kwamba mwalimu wa shule ya kata atalalamika kwamba muda wa michezo ni mfupi, na ana haki. Lakini timu nyingi hutumia dakika hizo hizo kuzunguka uwanja kwa mbio za polepole huku wakiimba. Hatusemi nyimbo ziachwe. Waimbe wakiwa wanachuchumaa.

Heshima ya binti

Liko jambo ambalo ndugu zetu wa visiwani watatuuliza, na wana haki ya kuuliza. Ni nani huyo atakayempiga binti yangu picha akiruka, na picha hiyo itakwenda wapi? Swali hili lisipojibiwa, wazazi watawatoa mabinti wao michezoni, na hasara itakuwa kubwa kuliko ile ya magoti.

Jibu letu ni kwamba vipimo hivi havidai mavazi ya aibu. Suruali ndefu ya michezo inatosha, na hijabu haimzuii mtu kutua vizuri. Upimaji ufanywe na mwalimu wa kike, au mbele ya mwalimu wa kike. Mzazi aarifiwe kabla na kukubali. Picha itazamwe na binti mwenyewe pamoja na mwalimu wake, kisha ifutwe siku hiyo hiyo; namba zitakazoandikwa daftarini zinatosha. Hali kadhalika, matokeo yasibandikwe ukutani. Goti la mtu ni habari zake mwenyewe.

Goti likishaumia

Kwa yule aliyekwisha kuumia, tunawaomba wananchi wakumbuke mambo machache. Goti lililotoa mlio na kuvimba ndani ya saa chache si la kuchua. Lisikandwe kwa maji ya moto siku ile. Liwekewe barafu iliyofungwa katika kitambaa, mguu uinuliwe, na mgonjwa apelekwe hospitali. Wataalamu wa viungo wapo: Dar es Salaam ipo Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, na Unguja ipo hospitali ya Mnazi Mmoja.

Tena asiharakishwe kurudi. Uchunguzi wa Norway wa mwaka 2016 juu ya watu waliofanyiwa upasuaji wa kano hii ulionyesha kwamba kila mwezi mmoja wa kusubiri, hadi mwezi wa tisa, ulipunguza kuumia tena kwa karibu nusu. Ni hapa ambapo vipimo vya kutua na vya usawa vina faida kubwa kuliko popote, maana mguu mzima unakuwa shahidi wa mguu mgonjwa. Mguu ulioumia ukiwa haujafikia walau asilimia 90 ya uwezo wa mwenziwe, kocha asimwite, hata kama kesho ni fainali.

Rai yetu

Tunatoa rai kwa wanaohusika, nayo haihitaji fedha nyingi. Kwanza, Baraza la Michezo la Taifa na mwenzake Baraza la Taifa la Michezo Zanzibar, pamoja na vyama vya mpira wa pete CHANETA na CHANEZA, na TFF na ZFF kwa upande wa kandanda, viyatie mazoezi ya kutua na vipimo vyake ndani ya kila kozi ya makocha. Chuo cha michezo cha Malya na vyuo vya ualimu vinaweza kuanza bila kungoja mtu.

Pili, katika UMITASHUMTA na UMISSETA, dakika 15 za kupasha mwili kwa utaratibu huo ziwe sharti kabla ya kila mechi ya wasichana, na mwamuzi athibitishe kwamba zimefanyika kama anavyothibitisha kucha na viatu. Wavulana nao hawatadhurika wakizifuata.

Tatu, halmashauri za Kinondoni na Temeke, na mabaraza ya Unguja na Pemba, zihesabu viwanja vya wasichana vilivyo katika kata zao, zizibe nyufa za saruji, na zihakikishe kwamba ufagio haukosekani. Mchanga juu ya saruji ni adui ambaye hata mtoto wa darasa la kwanza anaweza kumwondoa.

Nne, kila timu iwe na daftari la majeraha. Iandikwe tarehe, mchezo, uwanja, namna mchezaji alivyoumia na siku alizokaa nje. Tarakimu zote tulizozitaja hapa ni za Norway, Sweden na Marekani, kwa sababu huko watu waliandika. Mwaka mmoja wa madaftari ya Temeke, Kinondoni na Mjini Magharibi ungewapa viongozi wetu jambo la kuzungumza ambalo ni letu wenyewe.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ufa huu tunauona kila jioni, na gharama ya kuuziba ni sanduku la mbao, kipande cha chaki, utepe wa fundi na robo saa ya mwalimu mwenye moyo. Binti zetu wameshajifunza kuruka. Anayepanda juu leo na amkute chini mtu aliyemwandaa kutua.